Salamu za Shemeji Zinafika Nimeshapita

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Ukaguzi wa Magari,
Ghorofa ya Pili, mlango wa kahawia usio na kitasa.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: TAA ZA ZENONI KUCHELEWESHA SALAMU ZA SHEMEJI YANGU

Nakusalimu kwa heshima zote, na nimeanza na salamu makusudi, kwa sababu salamu ndiyo kesi yenyewe. Mimi ni dereva wa gari la mkate. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikitoka kiwandani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na dakika kumi baadaye napita kwenye kona ya bohari la matairi nikielekea madukani. Katika miaka hiyo yote sijawahi kuandikia ofisi yoyote barua ya malalamiko, isipokuwa ile ya kiti cha dereva, ambayo haikujibiwa, na wala sikukasirika. Safari hii nimekasirika.

Mlalamikiwa ni shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu mkubwa. Yeye anaendesha gari la dobi, lile jeupe refu linalopeleka mashuka hotelini, na kila alfajiri anatoka upande ninaokwenda mimi na kwenda upande ninaotoka. Tunapishana pale pale konani. Mimi na yeye si watu wa maneno. Tukikalishwa kwenye kochi moja tunaisifu mvua kama imenyesha, tunailaumu kama haikunyesha, kisha kila mtu anaangalia mlango. Lakini barabarani, Mkuu, hatunyamazi. Tunaongea kwa taa.

Ili ofisi yako isipate shida, naieleza lugha yenyewe. Kupiga taa kubwa mara mbili ni habari za asubuhi. Mara moja ni nzuri. Moja ndefu maana yake nyumbani kuna jambo, pitia jioni. Mara tatu za haraka nitazieleza huko mbele kwenye namba tatu, kwa shingo upande. Dada yangu alipojifungua, shemeji aliishiwa lugha, akapiga taa mfululizo kuanzia kwenye kona mpaka aliponipotea kwenye kioo. Nilihesabu kumi na tisa. Jioni nikaambiwa ni mapacha, nikaelewa kwa nini zilikuwa nyingi vile. Na ile asubuhi ya kwanza baada ya kumzika baba yangu, niliporudi kazini nikiwa sijalala, shemeji alipofika usawa wangu alizima taa zake zote. Akapita gizani, polepole, kisha akaziwasha tena. Watu wengi walinipa pole wiki ile na walisema maneno mazuri, lakini pole iliyoniingia ilikuwa ile.

Hayo yote yalifanyika kwa balbu za halojeni, zile za kawaida, za mwanga wa njano kama chai ya maziwa. Na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Wiki mbili za mwisho za halojeni shemeji alizidisha hata mapenzi: badala ya kupiga mbili akawa anapiga nne, tano, siku moja saba. Mimi nilimjibu moja yangu kama kawaida, kwani mtu mzima hajibu habari za asubuhi kwa makelele. Ndipo siku arobaini na saba zilizopita, bila kuniambia, akaenda kwa fundi wa umeme wa magari, akang'oa balbu zote nne za halojeni na kuweka za zenoni. Tangu siku hiyo nina malalamiko yafuatayo.

1. Salamu zinachelewa. Sijui, Mkuu, kama umewahi kuwa mbele ya taa za zenoni zilizopachikwa kwenye gari la dobi. Balbu ya halojeni ukiiamuru iwake, inawaka. Balbu ya zenoni ina kiboksi chake cha kuisukumia umeme, na ukiiamuru iwake inajikusanya kwanza, kama mzee anayenyanyuka kwenye kochi. Inatoa rangi ya buluu, inatafakari, na inafikia weupe wake baada ya sekunde tano. Sekunde hizo nimezipima kwa saa ya ukutani ya kiwandani, niliyoiazima kwa ruhusa. Kwa mwendo wetu wa kawaida, katika sekunde tano magari mawili yanayokuja uso kwa uso yanakaribiana hatua mia moja na hamsini. Lakini kona ya bohari la matairi inatuwezesha kuonana tukiwa tumebakiza hatua sitini tu kati yetu. Nimezihesabu mwenyewe kwa miguu siku ya mapumziko, nikapigiwa honi na kutukanwa. Upungufu ni hatua tisini. Maana yake ni kwamba shemeji anapoanza kunisalimia mimi niko mbele yake, na salamu inapokomaa mimi niko nyuma yake, naiangalia kwenye kioo cha pembeni ikimulika barabara niliyokwisha kupita, nzuri kabisa, na haina mwenyewe.

Salamu inayofika nimeshapita siihesabu kuwa salamu. Siku kumi za kwanza nilimjibu hata hivyo, kwa ustaarabu tu, kisha nikaacha. Na ieleweke kwamba upande wangu hakuna kasoro. Nikivuta kile kijiti cha taa kubwa, kitaa cha buluu kwenye dashibodi kinawaka papo hapo mbele ya macho yangu. Taa kubwa zenyewe nazitumia kwa salamu peke yake, kwa sababu barabara yetu ina taa za nguzo kuanzia kiwandani hadi duka la mwisho, kwa hiyo hazijachoka. Nitamwomba fundi aniandikie cheti cha kuthibitisha hayo, nikiambatanishe na barua hii.

2. Zenoni zimemuua mjomba wangu. Vikombe vya taa vya gari lile vilitengenezewa halojeni, na mwanga wa zenoni ukiingia humo unatawanyika ovyo. Mwingine unapanda kwenye miti, mwingine unaingia ndani ya macho yangu na kukaa humo. Nikitoka kwenye kona nafika duka la kwanza machozi yananitiririka. Mwenye duka ni mtu wa huruma. Siku ya kwanza alinipa pole. Siku ya pili akanipa kiti. Siku ya tatu akaniuliza ni nani, tena kwa sauti ya upole kiasi kwamba sikuona uungwana wa kumwambia ni balbu. Nikasema ni mjomba. Habari ikanitangulia madukani, na kufikia duka la tisa mjomba alikuwa ameugua muda mrefu, amevumilia sana, na ameacha wosia.

Mjomba mwenyewe ni mzima wa afya, na Jumanne iliyofuata aliingia duka la kwanza kununua sabuni. Mwenye duka aliangusha mzani. Tangu siku hiyo mjomba hanisemeshi, ila amenitumia ujumbe kwamba siku akifa kweli nisijisumbue kwenda, kwa kuwa nimeshalia vya kutosha.

3. Namba hii ndiyo niliyosema naiandika kwa shingo upande, lakini haki ni haki. Kupiga taa mara tatu za haraka maana yake ni kwamba mbele kuna watu wenu, yaani wakaguzi wa ofisi yako, wale wanaosimama karibu na kituo cha mafuta na makoti yao yanayong'aa. Kwa miaka kumi na moja shemeji amenionya kwa uaminifu, nami nimemwonya, na sote wawili tumekuwa tukila kona na kupitia nyuma ya shule. Wiki ya pili ya zenoni onyo lilifika nimeshapita. Niliingia mikononi mwa wakaguzi wako nikiwa napiga mluzi.

Walikuwa na adabu, nawapongeza. Walinikagua dakika ishirini na tano. Taa waliziona zinawaka, wakasonga mbele, lakini waliandika kwamba breki ya mkono inashikiliwa na kamba, kwamba kioo cha kulia ni cha bafuni, na kwamba kitundu cha kuchajia simu hakifanyi kazi. Breki na kioo ni siri zangu za miaka mingi, ambazo ofisi yako isingezijua kamwe kama si taa hizi. Kitundu kilikufa siku sitini na moja zilizopita nilipoimwagia chai dashibodi, na hakihusiani na jambo lolote. Naomba uone uzito wa jambo hili: mpango wa kuwakwepa ninyi, uliofanya kazi bila dosari kwa miaka kumi na moja, umevurugwa na balbu nne.

4. Taa zinasema mambo ambayo shemeji hajayasema. Balbu ya kushoto ina kigugumizi, nadhani waya wake umelegea, na kuna alfajiri moja ilichezacheza yenyewe tangu mbali. Nikahesabu kumi na tisa. Nikarudi nyumbani mbio kumwambia mke wangu kwamba kwa dada kuna mapacha wengine. Mke wangu akatoa sindano na uzi na kuanza kufuma. Dada yangu ana miaka arobaini na minane, na alikuja jioni ile kuazima chujio, akakuta anapongezwa, anakatazwa kubeba ndoo, na anapimwa tumbo kwa macho na majirani watatu. Chujio hakulichukua. Sweta mbili tunazo.

5. Salamu zangu zinaangukia watu wengine. Hatua tisini nyuma yangu, kila alfajiri, anakuja daktari wa meno na kigari chake chekundu. Ni mama mmoja mstaarabu, anakaa karibu mno na usukani. Salamu zangu zote zimekuwa zikimwangukia yeye. Mwanzoni alishangaa. Siku ya nne akajibu. Sasa anajibu kabla hata hazijakomaa, na nimemwona kwenye kioo akitabasamu kwa meno yote, ambayo kwa kweli ni mazuri.

Kuna alfajiri moja shemeji alipiga ile moja ndefu: nyumbani kuna jambo, pitia jioni. Niliiona kwenye kioo ikimmulika daktari. Je, nilikwenda jioni? Sikwenda. Salamu imemwangukia mtu mwingine, mimi niende kuipokea kama nani? Daktari, asiyeijua lugha yetu, alidhani anaonywa kuna hatari, akageuza gari, akarudi kwake mbio na kukuta ameacha pasi juu ya gauni na moshi umeshaanza kupanda. Nyumba ikapona. Tangu hapo anamwona shemeji kama mtu anayeona mbali. Alimtafuta mpaka kwa dobi, akamkalisha kwenye kile kiti chake kinacholala, akamng'oa gego lililomsumbua miaka mitatu, na akampa zawadi ya mswaki unaozunguka wenyewe. Mimi gego langu linaniuma mpaka leo, tena upande huo huo. Salamu zilikuwa zangu, Mkuu. Kwa haki, hata mswaki ni wangu.

6. Dada yangu amehamia kwangu. Daktari alikutana naye sokoni, akamkumbatia mbele ya watu, akamwambia ana bahati ya kuwa na mume anayemmulikia mtu njia kila asubuhi. Dada ni mwepesi wa kukasirika na mzito wa kupoa, kwa hilo tumefanana. Alifunga begi siku hiyo hiyo. Nyumba zetu zimegusana migongo, ukuta ni mmoja, lakini alizunguka mtaa mzima na begi lake na mapacha wake ili kila mtu amwone akiondoka. Leo ni siku ya tisa wanalala sebuleni kwetu. Mapacha wana miaka sita, na kila jioni wanagonga ule ukuta mara mbili. Baba yao upande wa pili anajibu mara moja. Mimi najifanya sisikii.

Dada naye, badala ya kumlaumu mumewe kwa taa, ananilaumu mimi. Anasema mume wake ana kinyongo cha siku nyingi, eti mimi ndiye niliyeanza kumpita kama napita nguzo ya umeme, tangu kabla ya hizo zenoni. Nilimwambia dada huo ni uzushi mtupu na nikamtajia shahidi wangu, kitaa cha buluu. Mke wangu anasema twende uani, mimi na shemeji, tukaongee juu ya ukuta, ni hatua nane kutoka jikoni. Mke wangu ni mtu mwema lakini hajawahi kuendesha gari. Sisi hatujawahi kusalimiana ukutani, na sioni tungeanzia wapi.

7. Kazi yangu iko hatarini. Sikukaa na kukunja mikono, Mkuu. Kwanza nilipunguza mwendo ili salamu inikute. Siku hiyo shemeji naye, sijui kwa nini, alikuwa amepunguza mwendo. Tulipishana taratibu mno, nikaona hadi kifungo kilichokatika kwenye shati lake, ambacho dada asingekiacha vile, na kila mmoja akaangalia mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Salamu ilichelewa kwa hatua kumi na tano tu. Roho iliniuma kuliko siku zote.

Siku iliyofuata nilijaribu kuifuata. Nilirudi kinyumenyume hatua tisini nikiwa na mikate mia sita, daktari naye akalazimika kurudi kinyumenyume, na waliokuwa nyuma yake pia, mpaka tukawa msafara mzima unaotembelea mgongo. Nilipofika mahali salamu ilipoangukia ilikuwa imeshazimika. Siku ya tatu nilisimama kabisa katikati ya kona na kuzima injini. Hapo shemeji hakupita, alikuwa amepewa likizo ya kung'oa jino. Meneja wa mkate ameniandikia barua ya onyo, kwamba maduka hayawezi kukaa bila mkate hadi saa mbili kwa sababu dereva anasubiri kusalimiwa. Ameyaandika maneno hayo hayo na kuyapigia muhuri.

8. Nimemkosa. Namba hii naomba isisomwe mbele ya makarani.

Kutokana na hayo yote, naomba ofisi yako ichukue hatua. Balbu za zenoni zing'olewe na shemeji arudishiwe halojeni zake, na kama zimetupwa, zitafutwe. Salamu zote arobaini na saba zilizonipita zirejeshwe kwangu ndani ya siku kumi na nne. Daktari wa meno aitwe, asikilizwe kwa heshima, kisha aamriwe kunipigia taa mbili kila asubuhi mpaka hesabu itimie, na mswaki juu yake. Kama hilo litashindikana, bohari la matairi lisogezwe hatua tisini kuelekea uwanja wa mpira, ili kona inyooke na salamu ipate nafasi ya kukomaa. Najua kuna matairi mengi. Yanabiringika.

Na kama bohari nalo lina wakubwa wake, basi ofisi iajiri mtumishi wa kudumu, mwenye kiti, mwavuli na bendera, akae konani kila alfajiri, aipokee salamu ya shemeji inapoanza kujikusanya na anikabidhi mimi kabla sijapita. Atumie mkono wa kulia, maana kumsalimia mtu kwa mkono wa kushoto si adabu. Kwa kazi hiyo nampendekeza mjomba wangu. Ni mzima wa afya, kama nilivyoeleza, asubuhi hana shughuli, na huenda ajira ya serikali ikamtoa kinyongo.

Nakuachia wewe na busara zako. Nisalimie katibu wako, aliyeniambia nirudi kesho mara nne bila kukunja uso hata mara moja, na mlinzi wa getini aliyenielekeza mlango usio na kitasa. Wasalimie wakaguzi wote wa kituo cha mafuta, hasa yule mfupi aliyekitumia kioo changu cha bafuni kuchana nywele, pamoja na familia yako na wote walio chini yako. Salamu hizi, kama unavyoona, zimefika kwa wakati.

Ni mimi mwenye macho mekundu na nia njema,

Dereva wa gari la mkate
(lile lenye picha ya mkate na kisu ubavuni; upande wa kushoto mkate umefutika, kimebaki kisu)

Nyongeza. Nilikuwa nimeshabandika stempu nilipokumbuka kile cheti cha ushahidi. Nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari, yule yule aliyemfungia shemeji zenoni, nikamtaka aandike kwamba taa zangu kubwa ni nzima. Akasimama mbele ya gari, akaniambia nivute kijiti. Nikavuta, kitaa cha buluu kikawaka. Akaniambia nivute. Nikamwambia nimevuta. Akaniambia nivute basi. Tukaendelea hivyo kwa muda, sauti zikipanda. Kumbe, Mkuu, kitaa cha buluu hakisemi kwamba taa za nje zimewaka. Kinasema tu kwamba wewe umevuta. Fundi akafungua kifuniko chini ya usukani, akatoa fyuzi ndogo, akaniwekea kiganjani. Imeungua, na ina madoa ya chai. Ndiyo hiyo hiyo inayolisha kitundu cha kuchajia simu.

Kitundu kilikufa siku sitini na moja zilizopita. Zenoni zina siku arobaini na saba. Katikati zinabaki kumi na nne, nazo ni zile wiki mbili nilizokuandikia hapo juu kwamba ni za mapenzi, alipokuwa anapiga nne, tano, saba, na mimi niko kimya kama nguzo. Fundi, asiyejua nimeandika barua gani, akanisimulia kwamba siku ya kumi na tano shemeji alikuja kwake akasema taa zake zimechoka, mwenzake hamwoni tena barabarani, na akaomba zenye nguvu kuliko zote dukani, hata kama zitaumiza macho. Nikarudi nyumbani nikamwuliza dada kuhusu ile moja ndefu. Akaniambia jioni ile mumewe aliacha mlango wazi, akaoga, akavaa shati safi, akakaa kwenye kochi mpaka mapacha wakalala. Hilo jambo la nyumbani lilikuwa mimi.

Kwa hiyo naomba namba ya kwanza hadi ya saba zifutwe, na ile ya tatu mjifanye hamkuisoma kabisa. Ya nane ibaki. Zenoni ziachwe zilipo. Bohari la watu lisiguswe. Daktari abaki na salamu zake na shemeji abaki na mswaki wake. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu ya ile stempu. Begi la dada nimelibeba mwenyewe na kuzunguka nalo mtaa mzima, ili watu wamwone akirudi. Mlangoni shemeji alinipokea begi. Tukaisifu mvua, ingawa haijanyesha, kisha nikaondoka.

Salamu zilizopotea nimezihesabu upya. Ni sitini na moja, na aliyezikosa si mimi. Mimi niliacha kuvuta kijiti siku ya kumi ya zenoni. Yeye hajaacha mpaka leo asubuhi. Kesho saa kumi na moja na dakika arobaini naanza kumpigia taa kwenye kona na siachi mpaka anipotee kwenye kioo cha bafuni. Fundi ameweka fyuzi mpya, na amenionya kwamba nikipiga mara sitini na moja mfululizo itaungua hii pia. Nimechukua tatu.